Uji wa Muhogo, na Jina Walilolificha

Siku yangu ya kwanza kazini, Shefu wa Rangi, mkubwa wa watia rangi, alinipa ndoo na brashi, akaniambia nisugue mapipa. Karakana yetu ya kutia vitambaa rangi ilikuwa mtaa wa Asiatique, nyuma ya maduka ya nguo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Polepole nikajifunza kuyeyusha nta na kuichora juu ya pamba. Palipo na nta rangi haiingii, na hapo ndipo ua hutokea.

Miaka ikapita, nikawa mama wa Divine, kisha vita vikafunga barabara na nta ikakosekana mjini. Direkta, mkuu wa karakana, akatuambia tukae nyumbani. Lakini mimi nilikuwa nimeona jambo: aproni yangu iliyodondokewa uji wa muhogo ilitoka kwenye rangi na doa jeupe. Nikaanza kujaribu. Uji mwepesi ulivuja. Rangi ya moto iliuyeyusha wote. Nikaharibu mashuka yangu yote, mpaka nikapata uji mzito wenye shabu kidogo, ukauke siku mbili, na rangi iwe baridi. Nikauchana ungali mbichi kwa kitana cha mbao, ikatoka mistari ambayo nta haijawahi kuitoa.

Nikampelekea Shefu wa Rangi kitambaa, akakigeuza mara tatu. "Eh! We mama, hii umeitoa wapi?"

"Mu sufuria yangu, Shefu."

Alicheka mpaka akafuta machozi. Karakana ikafunguliwa tena.

Baadaye yakafanyika maonyesho makubwa, na Direkta akavishwa medali kwa "uvumbuzi wake". Wake! Mimi nilikuwa nyuma ya ukumbi, nimebebeshwa sinia la soda. Nikaliweka chini.

"Direkta, ambia wageni: ule uji unakauka siku ngapi?"

Akatabasamu. "Mama Divine, tutaongea ku biro yangu, si mbele ya watu."

"Apana. Tuongee hapa. Siku ngapi?"

"Siku... tano."

"Siku tano panya wanaumaliza!"

Wengine walicheka. Nikamtazama Shefu wa Rangi, shahidi wangu pekee, naye akatazama viatu vyake. Ile iliniuma kuliko medali. Asubuhi yake nikaambiwa kazi yangu imekwisha.

Nikapanga mapipa uani kwangu, mtaa wa Nyakabiga, nikafundisha wanawake miaka mingi, kila mmoja akishona jina lake kwenye pindo la kitambaa chake. Leo nimezeeka, nimestaafu.

Mwaka jana, mmoja wa wanafunzi wangu alikiona kitambaa changu cha kwanza kimetundikwa kwenye nyumba ya sanaa hapa mjini. Chini yake lilikuwa jina la Direkta. Nilikwenda mwenyewe na kitana changu, nikaomba uji wa muhogo, nikamwonyesha msimamizi, kijana mdogo tu, jinsi mistari ile inavyochanwa, mbele ya wafanyakazi wake wote. Kijana yule aliona haya. "Pardon, Mama. Tutarekebisha."

Wiki mbili baadaye akaniita. Kibao kipya kilikuwa na jina langu, na chini yake, kwa herufi ndogo: *chini ya uongozi wa Direkta wake*. Alisimama pale akingoja nimshukuru.

Watu huniambia, Mama Divine, kwa umri huu hasira za nini? Shukuru, angalau wamekuandika. Nyinyi vijana mnaoanza kazi, msikubali hiyo "angalau". Huyo Direkta alituambia tukae nyumbani nta ilipokwisha, aliniongoza wapi?

Siku ile, badala ya kushukuru, nikamwomba kijana kalamu, nikaukata ule mstari wa chini.