Vigelegele Vitano Sokoni Doldol

Wanaosema ni mimi niliyemharibia dada yangu kazi, wakome! Mimi nilipiga simu tu.

Dada yangu Wakonyo ni mjane wa hapa Naro Moru, mnunuzi wa ng'ombe. Mumewe alimwachia kazi hiyo alipofariki. Lakini kule sokoni Doldol bei haitajwi kwa mdomo. Muuzaji na mnunuzi wanashikana mikono chini ya shuka, wanaelezana kwa vidole, jirani asijue. Na Abdilatif, mwenye ng'ombe wazuri kuliko wote, ni Mwislamu aliyeshika dini; mkono wa mwanamke asiye wake hagusi ng'o. Mara tatu Wakonyo alirudi mikono mitupu, na Tabby, binti yake, alikuwa bado yuko shule.

Basi akavaa koti la marehemu, gambuti na kofia ya kufunika masikio, akarudi sokoni anaitwa Kahiga. Sauti alijaliwa, kanisani alikuwa anaimba besi. Miaka sita, jamani! Abdilatif alimpenda mpaka akataka kumwoza mpwa wake Bilan. Dada akasema ana mke mkali nyumbani, hataki kusikia mambo ya mke wa pili. Huyo mke mkali, ati, ni mimi.

Sasa Jumanne moja Tabby akajifungua, hospitali ya Nyeri. Nikampigia dada. Kumbe mkono mmoja uko chini ya shuka na Abdilatif, wanabishania fahali.

"Ni kijana!" nikamwambia.

Akapiga kigelegele. Wee! Kimoja angeweza kukisingizia kikohozi. Lakini kwetu Wakikuyu mtoto wa kike ni vitatu, wa kiume vitano, na ukiachia njiani umemkosea mtoto. Dada yangu akavimaliza vyote vitano, mkono bado umeshikwa.

"Kahiga," nikamsikia mzee akiuliza polepole, "wanaume ya kwenu inapiga vigelegele?"

"Hapana. Mimi ni Wakonyo. Nimekuwa nyanya."

"Astaghfirullah! Miaka sita nashika wewe mkono!"

Dada alirudi bila hata ndama. Tulilia sote wawili, sitaficha, kwa maana bila ng'ombe wa Abdilatif tungekula nini?

Jumanne iliyofuata akaenda amevaa rinda lake, liwalo na liwe. Abdilatif hakumtazama. Alimwita mkewe Kafia, akampa shuka, akasema, "Haya, ongeeni nyinyi."

Saa nzima, wanaume wamewazunguka, wanatazama shuka ikitikisika. Abdilatif alikuwa akipunguza bei ukimsihi. Kafia hapunguzi, na akikataa anakuminya kidole mpaka unasikia begani.

Dada alirudi na ng'ombe wanne na mkono umevimba. Nikiwa namkanda kwa maji moto, akashusha pumzi.

"Wacera," akaniambia, "kumbe wanaume ndio walikuwa rahisi."