Joto la Kyela Lilipopanda Kwetu

Sisi wa Kawetele joto tulikuwa tunalisikia tu. Lilikuwa la Kyela, kule chini ziwani, ambako ukishuka unavua sweta kabla hujafika na ukipanda kurudi unalivaa tena. Kwetu mtoto anazaliwa anafungwa blanketi mbili, na mzee anazikwa na koti lake. Tulichozoea kulalamikia ni mvua. Sasa mwaka huo mvua ikakatika. Mwezi ukaisha, mwingine ukaingia, na mlima Rungwe ukawa unasimama wazi mchana kutwa bila wingu hata la kufunika kichwa. Mimi sikupenda kuutazama hivyo. Chai ya jirani yetu wa juu iliungua ncha kama imemwagiwa maji ya moto. Migomba ilikunja majani. Kuku walijificha chini ya uchanja wa vyombo, midomo wazi, na bati la nyumba lilikuwa linalia lenyewe, ta, ta, kama kuna mtu anatembea juu.

Majina ya watu wa habari hii ninayo yote, hata ya yule jirani na ya watoto wake kwa mpangilio walivyozaliwa. Siyaweki humu. Wenyewe wapo na wanasalimiana nami kila siku.

Mume wangu alikuwa amepanda miche ya parachichi bondeni, karibu na kijito. Miche ilikuwa bado mifupi, haijafika magotini. Kijito kilipungua kikabaki cha kuchota kwa kata, naye akawa anashuka kila siku kuimwagilia mmoja mmoja. Alishuka hata jua likiwa utosini, na koti lake zito, lile la kijivu, na mabuti ya mpira.

Nikamwambia, "Mzee, si uvue hilo koti?"

"Koti linazuia jua."

"Linazuia jua au linakupika?"

"Wewe mama, ulishaona mtu wa Rungwe amekufa kwa jua?"

Kweli, sikuwahi kuona.

Nyumbani tulikuwa watatu. Wa tatu ni mkamwana wangu, mke wa kitinda mimba wetu. Mwanangu yuko Tunduma kwenye kazi, mke akabaki na sisi. Yeye ni mtoto wa Kyela. Kwa wasiojua mila yetu niseme hivi: kwetu mke wa mwana haonani na baba mkwe wake. Hakai naye chumba kimoja, hamtazami usoni, hatamki jina lake, hakanyagi alipokaa. Tunaita kutila. Vijana wa mjini wengi wameacha, lakini mume wangu hajaacha, na huyu binti alilelewa na bibi yake, basi walikutana wawili wagumu. Miaka yote hiyo wanakaa uwanja mmoja kama watu wanaoishi mitaa tofauti. Mzee akiwa bondeni anakohoa kwa nguvu, binti akisikia anapita njia ya juu. Mzee akitaka kumtania anaongea na mimi kwa sauti ya kufika jikoni. Siku zile za jua alisema, "Mwambie mkamwana wako joto lao limemfuata huku. Alirudishe."

Jikoni nikasikia kicheko kimezibwa na khanga.

Siku yenyewe nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha nyumba nachambua maharage. Kivuli kilikuwa chembamba, miguu yangu ilikuwa nje inaungua. Binti alikuwa ameshuka kuchota maji. Nikasikia ananiita kutoka chini, "Mama! Mama wee!" Sauti ile haikuwa ya mtu aliyeona nyoka wala aliyeteleza. Nikainuka nikaenda ukingoni mwa uwanja, pale unapoliona bonde lote.

Nikamwona amesimama na ndoo kichwani, amegeukia juu kwangu, uso ameufunika. Nyuma yake, kati ya miche, lilikuwa koti la kijivu chini. Nikaona mabuti. Ndipo nikajua koti lina mtu.

"Ameanguka?" nikapiga kelele.

"Sikumsikia kukohoa, mama! Nimepita nimemkuta!"

"Anapumua?"

Angejuaje, hakumtazama.

Magoti yangu haya hayashuki mteremko ule. Kwa siku njema nashuka kwa fimbo na kupumzika njiani. Nikaita majirani, nikaita wa juu, nikaita wa kushoto, wote walikuwa wameshuka mnadani. Nikaona jua liko juu ya mume wangu, na hapo alipolala hakuna kivuli hata cha mkono.

"Mwanangu," nikamwambia, "geuka umtazame."

"Mama, ni baba yule!"

"Najua ni baba. Geuka!"

"Mama, usinilazimishe."

"Nakulazimisha! Ikiwa ni mkosi, uwe wangu! Geuka!"

Akasimama. Sijui alisimama kiasi gani, mimi niliona kama jua limesimama naye. Kisha akatua ndoo, akaivuta khanga ikamfunika hadi machoni, akageuka.

Nilianza kushuka kwa makalio. Ndiyo, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikakaa chini nikawa najisukuma kama mtoto anayejifunza, nashika mizizi ya migomba, huku nauliza kwa sauti, "Anapumua?"

"Anapumua! Ila ngozi ni kavu, mama! Anaungua na hana jasho! Kwetu mtu akikauka hivi tunamwagia maji!"

"Mmwagie!"

"Na koti?"

Hapo alikuwa ananiuliza jambo kubwa kuliko maji. Kumvua baba mkwe nguo.

"Livue!"

Akalivua. Niliona kwa macho yangu anavyomgeuza upande mmoja na mwingine kama mtu anavyomgeuza mtoto, analia kwa sauti, anaomba radhi kwa Mungu na kwa bibi yake aliyekufa, na mikono haisimami. Akafungua shati. Akamvuta kwa makwapa mpaka chini ya mgomba, mabuti yakachora mistari kwenye udongo. Akamwagia ndoo yote shingoni na kifuani, akakimbia kijitoni kuchota nyingine. Akarudi na khanga yake ya kichwani imelowa, akamtia makwapani. Akakata jani la mgomba akawa anampepea.

Nilipofika, sketi imechanika, mikono inatoka damu, mume wangu alikuwa anasema maneno yasiyo na kichwa. Alikuwa anaita ng'ombe tuliyemuuza zamani. Nikamshika uso. Ulikuwa wa moto kama sufuria.

"Baba," nikamwita. "Baba, mimi hapa."

Binti akamwaga ndoo nyingine. Mzee akashtuka, akafungua macho. Akanitazama mimi, akanitambua. Kisha macho yakahama kidogo, yakamkuta mkamwana wake amepiga magoti, kichwa wazi, ndoo mkononi. Yakafumba hapo hapo.

"Amekufa!" binti akalia. "Mama, nimemuua!"

Nikaweka sikio kifuani. Moyo ulikuwa unapiga. Nikamtikisa, hakufungua. Nikampiga kofi dogo, hakufungua. Nikaona kope zinatetemeka, kama za mtoto anayejidai amelala, ndipo nikaelewa.

"Sogea nyuma ya migomba," nikamwambia binti.

Akasogea.

Mzee akafungua macho. "Yupo?" akanong'ona.

"Hayupo. Mjinga wewe, unataka kufa na heshima zako?"

"Maji," akasema.

Lakini maji mimi siwezi kuyachota. Nikamwita binti, akaja na ndoo, mzee akafumba. Binti akamwagia huku anatazama mlimani. Akaondoka, mzee akafungua. Tulikwenda hivyo, anafumba, anafungua, na kila akifumba roho yangu inashuka, nasema safari hii ni kweli. Sijui tulirudia mara ngapi. Ngozi ikaanza kupoa. Jasho likatoka kwenye paji la uso, dogo, na mimi nililiona jasho lile kama mvua.

Watu wa mnadani waliporudi walimpandisha kwa machela ya magunia, akapelekwa zahanati kwa bodaboda, kijana mmoja amemshika nyuma, nami nikafuata kwa nyingine. Muuguzi wa pale, mtu wa Singida, alimpa maji ya chumvi na sukari, akamlaza kwenye kitanda cha dirishani. Akaniuliza nani alimmwagia maji. Nikasema, "Mkamwana." Akasema, "Mshukuruni huyo, mzee angekuwa ameondoka." Mume wangu akageukia ukutani.

Asubuhi ya kesho kutwa yake, akiwa amerudi nyumbani, jua lilichomoza bila wingu tena. Nikamwona anachukua kata.

"Unakwenda wapi?"

"Miche itakufa."

"Na wewe je?"

Akakaa kwenye ngazi akavaa mabuti. Nilimshika mkono, akaniondoa. Mikono yake bado ina nguvu kuliko yangu. Nikafungua mdomo nipige kelele tena kwa majirani.

Mkamwana akatoka jikoni. Amejifunika khanga gubigubi, amempa baba mkwe wake mgongo, akatembea hadi pale njia ya bondeni inapoanzia, kati ya ukingo na mgomba mkubwa, akakaa chini katikati ya njia. Pembeni hakuna pa kupita. Ukitaka kushuka inabidi umguse.

Mzee akasimama na kata yake.

"Mwambie mkamwana wako atoke njiani," akaniambia.

"Mwambie mwenyewe."

"Mama!"

"Mimi sina miguu ya kumfuata."

Akakohoa. Akakohoa tena kwa nguvu, kile kikohozi chake cha kufika kijitoni. Mgongo wa binti ulitetemeka, nikadhani atainuka. Hakuinuka. Jua lilikuwa limeshampata kichwani.

Mume wangu akarudi akakaa kwenye ngazi. Akavua buti moja, akasubiri. Binti hakusogea. Akavua na la pili.