Mwaka Bibi Alipozima Joto

Enzi zetu, sisi tuliofika Buffalo, Marekani, tukiwa watoto kwenye mwaka wa elfu mbili na tano hivi, mtoto aliyejua kusoma Kiingereza ndiye aliyekuwa karani wa nyumba. Barua ya shule ulisoma wewe, ya hospitali ulisoma wewe, na ile ya gesi ulisoma wewe pia, huku baba yako amesimama nyuma ya kiti kana kwamba wewe ndiye uliyeiandika. Tulitafsiri maneno ambayo hata kwa Kirundi au Kiswahili tulikuwa hatuyajui. Wenzangu mnaosoma hapa mnanielewa.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulitoka kambi ya wakimbizi Kigoma tukiwa watu watano: Baba, Mama, Bibi mzaa baba, mdogo wangu Elie, na mimi Aline. Tukapata sehemu ya chini ya nyumba ya mbao karibu na Bailey Avenue. Juu yetu aliishi Mama Furaha, Mkongomani wa milima ya Kivu ya Kusini, aliyekuwa ametutangulia kwa miaka minne na kwa hiyo alijua kila kitu, kuanzia basi la kwenda dukani hadi namna ya kukanyaga barafu. "Tembeya kama bata, mutoto yangu," aliniambia, "mambo ya mwendo wa kuringa utaringa mwezi wa tano."

Kiangazi kile cha kwanza tulichoma mahindi nyuma ya nyumba na kuruka kamba mpaka Mama aite mara tatu. Tulicheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, na watoto wa Mama Furaha kwa mpira wa soksi kuukuu, ingawa kanisa lilikuwa limetupa mipira ya kweli. Tuliona mipira ile ni mizuri mno kupigiwa mtu. Leo nikiwatajia wanangu rede, wanauliza kama iko kwenye simu.

Kisha baridi ikaja. Siku ile mashine ya joto ilipowaka kwa mara ya kwanza kule kwenye chumba cha chini ya ardhi, vumbi la miezi mingi liliungua ndani yake na harufu ikapanda hadi sebuleni. Bibi akasimama akashika Biblia yake, akatuamuru tutoke, nyumba inaungua! Tulipozoea, matundu ya sakafuni yanayopuliza hewa ya moto yakawa mali ya kugombania. Asubuhi mimi na Elie tulisimama juu ya lile la karibu na kochi, nguo zetu za kulalia zikivimba kama maputo, tukitiana viwiko. Kioo cha chumba chetu kiliota barafu kwa ndani, nasi tukaandika majina yetu kwa kucha. Na jikoni, tangu alasiri, sufuria ya maharage ya Mama ilitokota polepole, kama ilivyotokota kambini, mpaka madirisha ya jikoni yakalia machozi.

Bili ya gesi ya mwezi wa kwanza ilikuja siku ya Ijumaa. Nikamsomea Baba.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Soma polepole."

Nikasoma polepole, lakini hesabu haikupungua. Baba alikuwa anafunga mizigo kwenye bohari, na mshahara wake wote tuliujua, maana nao niliusoma mimi. Akaikunja karatasi, akageuka akaitazama ile sufuria.

"Mama Aline, maharage haya yanachemka tangu saa ngapi?"

"Tangu yalipokuwa magumu," Mama akajibu.

"Basi yamekuwa ya mwisho. Tutakula mkate."

Mama alizima jiko. Tangu hapo wakawa wanazungumza kupitia kwa Elie: mwambie baba yako chai iko tayari, mwambie mama yako nimeiona. Sisi watoto tulicheka kwa kujificha. Bibi, aliyekuwa kwenye kiti chake karibu na tundu la joto, hakucheka. Jioni moja alinivuta mkono.

"Aline, huu moto unaotoka sakafuni, nao umo kwenye ile karatasi?"

Nikajibu kwa fahari ya mtoto anayejua. "Umo, Bibi. Tena huo ndio unaokula sana kuliko jiko."

Akaniachia mkono. Mimi nikaenda kucheza.

Wiki mbili baadaye theluji ilizidi, shule ikaturuhusu saa sita mchana. Mama alikuwa kwenye usafi wa hoteli huko Amherst, Baba kazini. Nilipofungua mlango nilidhani nimekosea nyumba, maana ndani kulikuwa baridi kama nje. Bibi alikuwa kitini amevaa koti lake, na la Baba juu yake, na vitenge viwili kichwani. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Aliposema, maneno yalitoka yameburuzika kama ya mlevi.

"Funga mlango. Joto linatoka."

Nikatazama kile kidude cha ukutani cha kuongeza na kupunguza joto. Kilikuwa kimerudishwa hadi mwisho. Elie akaanza kulia. Nilipanda ngazi mbilimbili kumgongea Mama Furaha, aliyekuwa amelala baada ya zamu ya usiku. Akashuka na gauni la kulalia, akapandisha joto, akamvua Bibi yale makoti, akaingia naye chini ya mablanketi, kifua kwa mgongo, akinielekeza cha kuwaambia watu wa ambulensi kwenye simu. Anwani niliitaja vizuri.

Bibi alilazwa siku mbili. Jioni ile Baba alikuja hospitali na viatu vya kazi, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, kwa nini?"

"Nimewasikia mkigombana. Kambini kuni zikiisha tulizima moto, tukavumilia. Mkiondoka nilikuwa nazima, mkikaribia kurudi nawasha. Mngeniona vipi? Leo watoto wamerudi mapema tu."

"Siku ngapi, Mama?"

"Tangu Aline aliponieleza."

Baba hakunitazama. Alijua kwamba angenitazama ningeangua kilio. Aliinama akafunga kamba za viatu vyake ambazo tayari zilikuwa zimefungwa.

Jumapili, baada ya ibada, Mama Furaha alishuka akaweka kiganja juu ya meza yetu. "Bon, leteni ile facture, ile bili ya gesi. Munalipaka bila kusoma?"

"Aline husoma," Baba akasema.

"Aline anasoma hesabu ya chini. Donc, ya juu nani anasomaka?" Akaweka kidole kwenye herufi E ndogo niliyoiruka kila mwezi. "Hii inasema hawakuyaka kuangalia mita. Walikisia tu."

Tukashuka sote chini ya nyumba, Baba na tochi, mimi na daftari la shule. Mita mbili zilining'inia ukutani, moja ya juu, moja yetu, kila moja na saa ndogo nne ambazo mishale yake ilizunguka kwa kupingana. Mama Furaha alinifundisha kuzisoma: mshale ukiwa kati ya namba mbili, chukua ile ndogo. Nikaandika. Tuliporudi mezani alitufafanulia karatasi nzima. Kulikuwa na bei ya gesi yenyewe, ambayo hupanda na kushuka. Kulikuwa na bei ya kuileta kwa mabomba hadi nyumbani. Na kulikuwa na kiasi unacholipa hata usipowasha kiberiti.

Mama akacheka kidogo. "Ni kuni hizo. Unamlipa mwenye kuni, unamlipa aliyezibeba, na unalipa kwa kuwa una jiko."

"Njo vile!" Mama Furaha akapiga meza.

Kesho yake tukapiga simu kampuni ya gesi. Mwanamke wa upande wa pili aliuliza kama kuna mtu mzima hapo. Baba akaikaribia simu, akasema kwa Kiingereza sentensi fupi aliyoifanyia mazoezi usiku kucha, kwamba yupo, na kwamba yeye ndiye baba. Kisha akanirudishia. Nikasoma namba za mita. Bili ikashuka, ingawa si sana. Walikuwa wamekisia juu, lakini gesi nyingi tulikuwa tumeichoma kweli. Mwanamke yule akatupangia kulipa kiasi kimoja kila mwezi, kiangazi na baridi, ili mwezi wa kwanza usituangukie peke yake.

Mwizi mkubwa tulimpata kwenye madirisha. Mama Furaha alishika mshumaa karibu na fremu, moto ukalala chali. Jumamosi tulibandika plastiki nyembamba kwenye kila kioo, Mama akaikaza kwa mashine ya kukaushia nywele hadi ikalia kama ngoma, tukalaza taulo chini ya mlango wa nyuma. Baba akabandika karatasi juu ya kile kidude, kilichopima kwa Farenhaiti: SITINI NA NANE. ASIGUSE MTU. Wiki zile za baridi kali tulivuta magodoro sebuleni, tukalala watano pamoja, Bibi katikati.

Jioni ya Jumamosi ileile nilimkuta Baba jikoni peke yake, mikono ndani ya beseni, anachambua maharage na kuyaloweka. Hakumwomba Mama msamaha kwa maneno, si desturi ya wanaume wa rika lake. Mama aliingia, akamwona, akatoa jiwe moja lililomponyoka, akasema, "Hili lingekuvunja jino." Elie hakutumwa tena.

Bibi aliishi misimu mingine minne ya baridi. Hakuwahi kunilaumu, nami sikuwahi kumwomba radhi. Nilidhani nina muda.

Siku hizi naishi Reynoldsburg, Ohio. Bili yangu huingia kwenye simu na kujilipa yenyewe, na naweza kupandisha joto la nyumba nikiwa kazini. Wanangu huvaa mikono mifupi mwezi wa kwanza, huacha mlango wa gereji wazi, na nikiwasemesha Kiswahili hujibu Kiingereza kutoka vyumbani mwao, milango imefungwa. Nikiwahadithia habari za mita na mishale yake, wananihurumia kama mtu aliyewahi kuishi pangoni. Sitaki wapate baridi tuliyoipata. Lakini sisi tulijua nani anakohoa, nani anaota, nani amekasirika na nani. Na leo, chakula kikiwa tayari, nawatumia ujumbe.

Kwa hiyo, Jumamosi moja moja, napunguza joto la ghorofani kwa makusudi. Kidogo tu. Nakaa sebuleni na chai yangu nasikiliza. Baada ya nusu saa mlango wa kwanza hufunguka, kisha wa pili, nao hushuka ngazi wakinung'unika kwa Kiingereza, na kuja kujibana nami kwenye kochi.