Felizarda Hakumuaga Mumewe

Deolinda Zivane anakaanga bajia katika soko la Vilankulo. Meza yake imepakana na yangu ya nyanya, na mtu akifika mji huu akaondoka bila kula mkate wake uliojazwa bajia, safari yake imekwenda bure. Mikono yake ni myepesi kuliko yetu sote. Tatizo ni mdomo. Mteja akimwambia mafuta yamekuwa meusi, jibu ni "mwezi ujao nabadilisha." Fundi akija kuulizia paa, mwezi ujao. Padri akimuuliza mbona haonekani kanisani, mwezi ujao. Tulimpa jina la Mama Mwezi-ujao, naye alilicheka pamoja nasi. Mimi siku hizi silitumii tena.

Alizaliwa kisiwani Bazaruto, chini ya mnara wa taa. Baba yake, Titos, ndiye aliyekuwa akiwasha ile taa na kufuta vioo vyake. Mama yake, Felizarda, alipanda ngazi badala ya mumewe kila homa ilipomlaza. Titos alipofariki walimzika pale pale, nyuma ya ukuta wa mnara. Watu wengine wa serikali waliokuwa wakiishi mnarani walihama mmoja mmoja, lakini Felizarda alibaki. Kila jioni alimega tonge la ugali kabla hajala, akalipeleka kaburini, akampa mumewe habari za siku nzima: kuku gani katoroka, mtalii gani kaanguka kwenye vilima vya mchanga.

Halafu mguu wake ukavimba. Deolinda akavuka kwenda kumchukua ampeleke hospitali. Sasa, kwetu mtu hatoki kwenye nyumba yake kwenda kukaa kwingine bila kumwaga tembo la mnazi kidogo kaburini na kusema anakokwenda. Asipofanya hivyo, marehemu atakuja nyumbani akute mlango umefungwa, aanze kutafuta. Felizarda akaomba wampeleke nyuma ya ukuta. Boti imeshawashwa injini, nahodha anapiga kelele.

"Mama, unamuaga wa nini?" Deolinda akamwambia. "Kwani tunahama? Mwezi ujao tumesharudi."

Hawakurudi. Mguu ulipona nusu. Ikaja shughuli ya kujenga, ikaja harusi ya Amandio, mtoto wa Deolinda, kikaja kimbunga kikaondoka na mabati. Bibi Felizarda akawa anakaa nasi sokoni, nyuma ya meza, akichambua kunde za bajia.

"Deolinda, tunakwenda lini? Baba yako atadhani nimeolewa."

"Uolewe na nani, mama, na mguu huo?"

"Cheka tu. Titos ana wivu, humjui. Alimtimua fundi rangi wa mnara kwa sababu nilimpa maji ya kunywa."

"Mwezi ujao, mama. Naapa."

Na sisi wote kwa vicheko. Nami nilikuwemo. Kisha bibi akaacha kuuliza, tukadhani amezoea mji. Alifariki asubuhi moja, ungo wa kunde ukiwa mapajani. Siku ya mazishi, hapa hapa Vilankulo, Deolinda hakulia kama watu wanavyolia. Alirudia neno moja tu: "Hakumuaga. Hakumuaga."

Mwaka uliofuata Amandio akapata binti. Mtoto akapewa jina la upande wa mama yake, akalia. Akapewa jina la shangazi, akalia mpaka sauti ikakauka. Wazee wakaketi wakayataja majina ya marehemu moja baada ya jingine, walipofika kwa Felizarda mtoto akanyamaza. Pengine alikuwa amechoka tu, lakini alinyamaza. Basi akawa Felizarda, na tangu siku hiyo Deolinda akawa anamwita mama, kama desturi yetu ilivyo. Naye mtoto alipojua kusema akamwita bibi yake kwa jina, Deolinda, kavu kavu, mbele ya wateja.

"Deolinda, nataka viatu vya kuwaka taa."

"Mwezi ujao, mama."

Mtoto alipoweza kutamka maneno yote vizuri, Deolinda akaniambia kesho anampeleka kisiwani akamuage Titos.

"Deolinda we, jina ni jina," nikamwambia. "Huyu ni mtoto, kazi yake kucheza."

"Huyu ni mama. Wewe una mama mwingine wa kunipa nimpeleke?"

Nikafunga nyanya zangu, nikafuatana nao. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alichosema atafanya kesho, kesho yake alikifanya.

Pale boti iliposhusha watu alikuwepo Jeremias, askari wa hifadhi mwenye mvi, aliyekuwa akila kwa Felizarda enzi za ujana wake. Alipotajiwa jina la mtoto, alivua kofia mbele yake.

"Bibi Felizarda! Umerudi? Na meno yote?"

Mtoto akajificha nyuma ya kanga yangu.

"Ameanza kunionea aibu! Na wewe ndiye uliyekuwa ukinifukuza na mwiko jikoni!"

Akatuongoza kwa njia ya mbali na ziwa, maana mamba walikuwa wakiota jua ukingoni. Mchanga ulikuwa moto. Mtoto alitembea, akabebwa, akatembea tena, akabebwa tena. Mnara ulipotokeza, Deolinda alisimama. Rangi imebanduka, mlango wa chuma umefungwa kwa waya, na nyumba walimozaliwa watoto wote wa Titos imebaki ukuta mmoja na jiwe la kusagia. Watalii wawili walikuwa wakipiga picha. Jeremias akawaomba wasogee.

Kaburi lilikuwa limefunikwa na mchanga, tukalifukua kwa mikono. Deolinda akatandika kanga, akafunua bakuli la kisamvu cha karanga na ugali uliokwisha kupoa, akafungua chupa ya tembo. Akampigia magoti mjukuu wake.

"Haya mama, tumefika. Mwambie: Titos, nimehamia Vilankulo. Usinisubiri hapa."

Mtoto alilitazama kaburi, akautazama mnara, akajikuna mguu.

"Simjui."

"Unamjua, mama. Mumeo huyu. Ulikuwa unampandia ngazi akiumwa."

"Nina kiu."

"Utakunywa, nitakupa na biskuti. Maneno hayo tu, mama yangu. Nakuomba."

Sijapata kumwona Deolinda akimwomba mtu. Niliingiwa na huruma, na hasira pia, kwa sababu bibi mwenyewe alikaa nyuma ya meza yetu miaka yote ile akiyajua maneno hayo kwa moyo, na hakuna aliyemvusha. Wala mimi sikumhimiza.

Mtoto akaketi mchangani. Akapiga mwayo. Kisha akajibu, kwa sauti ile ile ya bibi yake inayowafukuza mafundi pale sokoni:

"Mwezi ujao, Deolinda."

Jeremias akaanza kucheka, akajikuta anacheka peke yake, akaacha. Deolinda alibaki na chupa mkononi. Hakumkaripia. Angemkaripiaje mama yake?

"Mwaga wewe," nikamnong'oneza. "Wewe ni binti yake, atakusikia."

"Anayengojwa si mimi."

Huko chini injini ya boti ikaanza kuunguruma, nahodha akaita. Deolinda akaziba chupa. Akajifuta machozi kwa kiganja, akainama, akampa mtoto mgongo apande.

"Haya, mama," akasema. "Utakapotaka wewe."