Harusi Tuliyoisikiliza Sebuleni

Kijana wangu aliponiambia nisiende Mtwara, nilipaswa kukataa palepale. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Alikuwa amekuja Masumbwe kutoka Kalangalala, kule Geita mjini anakouza vifaa vya umeme, na alinihurumia kwa dhati.

"Baba," alisema, "kutoka hapa mpaka Mtwara ni kukata nchi nzima. Kiuno chako hicho kitafika Dodoma kimeshakufa. Parokia yao inarusha misa mtandaoni. Wewe kaa hapa, utamwona bibi harusi vizuri kuliko sisi tutakaokuwa kanisani."

Kiuno kilikuwa kinauma, sikatai. Lakini mke wangu ana magoti mabovu kuliko kiuno changu, na yeye alisafiri. Kilichonibakiza nyumbani kilikuwa kitu kingine. Nilikuwa nimeshaiona picha yake kichwani: sebule yangu imejaa watu, mimi nimekaa kwenye kiti changu na mausi mkononi, nawaonesha harusi inayofungwa upande wa pili wa nchi. Nilifanya kazi ya ukarani wa pamba Shinyanga tangu nimalize sekondari, na baada ya kustaafu nilinunua kompyuta iliyokwisha kutumika, nikawa mzee pekee wa mtaa wetu mwenye kitu hicho. Nilikipenda cheo hicho.

Bibi harusi alikuwa kitinda mimba wangu, muuguzi huko Mtwara. Sherehe ya kumuaga tulikwisha kuifanya nyumbani alipokuja likizo, kwa hiyo hata jirani aliyeniuliza mbona siendi nilimjibu kwamba mimi nilishamuaga. Binti mwenyewe alipiga simu.

"Baba, si utanishika mkono kuniingiza kanisani?"

"Kaka yako atakushika. Mimi nitakuwa nakuangalia kwenye TV kubwa."

"Sawa, baba," akasema, na tukaanza kuongea habari za mvua.

Mke wangu alikuwa anafunga mzigo wake kwa khanga. Hakuinua hata kichwa. "Mzee wangu," alisema, "utajuta."

Kabla hawajaondoka, kijana alinitengenezea mambo yote. Kile kioo kidogo cha kompyuta kilikuwa na mstari katikati, akakichukua akakirekebishe. Mahali pake akaunganisha TV yetu ya ukutani kwa waya mnene, na sauti akaitoa kwenye sabufa iliyokaa sakafuni. Akanikumbusha jambo moja alilonifundisha zamani: nikiinuka nifunge skrini, vitufe viwili tu kwa pamoja, ili wapangaji na watoto wa jirani wasije wakagusagusa. Nikirudi, naandika neno la siri, inafunguka.

Hilo la kufunga skrini lilikuwa halihitaji kukumbushwa. Nililipenda mno. Nilifunga nikienda chooni. Nilifunga nikienda kumwagia maji michicha. Mpangaji wangu wa chumba cha uani, mchimbaji mwenye asili ya Kisarawe aliyekuja huku kufuata dhahabu, alikuwa akinicheka kila siku. Yeye ni Mzaramo na mimi Msukuma, kwa hiyo ni watani, na mtani hasemi kwa adabu.

"Msukuma hata kompyuta anaiswaga zizini," alikuwa akisema. "Hajaiamini mpaka asikie komeo."

Jumamosi ya harusi walianza kuja mapema. Alikuja katekista wetu mstaafu na koti lake la Pasaka. Alikuja mama jirani, kiongozi wa kwaya, na wenzake, wamevaa sare kana kwamba wanakwenda kuimba. Mpangaji alioga, jambo ambalo mama jirani alilitangaza kwa wote. Nikafungua ile linki aliyotuma kijana, na kanisa la Mtwara likatokea ukutani kwangu, na maua yake na viti vyake. Kamera ikapita kwenye mabenchi, tukamwona mke wangu na kitenge cha njano, anajipepea. Nyumba nzima ikapiga kelele kama vile amefufuka. Katekista alinipa mkono. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Sasa, kwetu mgeni haoneshwi jambo akiwa na njaa. Angekaa kwenye harusi bila kula, aibu ingekuwa yangu, na mke wangu alikuwa ameacha maagizo na wapishi. Misa ilikuwa bado. Nikasema tutoke uani tule kwanza, tutarudi wameshaanza kuingia. Watu wakatoka. Mimi nilikuwa wa mwisho mlangoni, na kabla ya kutoka, bila mtu kuniambia, nilirudi nikabonyeza vile vitufe viwili.

Uani wali ulikuwa mwingi na nyama ilikuwa laini. Wageni wa kutoka Buseresere wakafika wakati huo, na salamu za kwetu huzikatizi: mwangaluka, nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua, kisha unaanza upya na anayefuata. Nilikuwa nanawa mikono niliposikia sabufa kupitia dirishani. Kinanda kilikuwa kinaunguruma na kwaya imeanza wimbo wa kuingilia.

"Ameingia!" alilia mama jirani. "Jamani, bibi harusi ameingia!"

Tulikimbia. Katekista aliangusha kiti. Tulipofika sebuleni, kwaya ilikuwa inaimba kwa nguvu zote na TV ilikuwa nyeusi kama sufuria ya msibani.

Mtu akasema umeme umekatika. Tukamwonesha taa inawaka. Nikatikisa mausi. Nikabonyeza kitufe kimoja, vitano, vyote. Nyeusi. Nikachukua rimoti, nikaminya mpaka kidole kikauma, na TV haikunijua. Tukatoa betri za rimoti, tukazisugua, tukazirudisha. Mpangaji akaziuma kwa meno, akasema ndivyo wanavyofanya na tochi za kwenye duara, kule shimoni wanakochimba.

"Duara lenu linaporomoka kila mvua," mama jirani akamwambia. "Usituletee huku."

Ni yeye aliyeona kitambaa. Mke wangu alifuma kitambaa kizuri cha maua cha kuivalisha TV, na kabla ya kusafiri, kwa ajili ya wageni, alikuwa amekivuta mbele kidogo ili ua kubwa lionekane. Ua lenyewe lilikuwa limefunika sehemu ambayo rimoti inaonana na TV. Tukakitoa. Nikaminya. TV ikawaka! Tukashangilia. Ilikuwa imewaka rangi ya buluu, na maandishi madogo yakituarifu kwamba haipati chochote kutoka kwenye ule waya. Kisha ikazima tena.

Huko Mtwara padri alikuwa anawakaribisha watu.

"Mpigie kijana wako," katekista akasema.

Nikampigia. Simu ilikuwa imezimwa, kama inavyotakiwa kwa mtu aliye kanisani. Ya mke wangu pia. Nakumbuka nilisimama na simu sikioni nikawaza kwamba kila mtu anayejua kuitibu kompyuta hii yuko ndani ya kompyuta hii.

Mpangaji akasogea akaipiga TV ubavuni kwa kiganja, mara mbili, kwa heshima.

"We Mzaramo," nikamwambia, "kila kinachotoa sauti kwako ni ngoma?"

"Wewe ndiye umefungia harusi zizini, mzee. Mimi natafuta mlango."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikakaa kwenye kibodi. Nikafikiri: kompyuta yenyewe haijalala, maana inaongea; kilicholala ni macho. Basi nitaandika neno la siri gizani, labda ikifunguka macho nayo yatafunguka. Niliandika polepole, nikitafuta herufi kwa kidole kimoja, nikabonyeza kitufe kikubwa cha kukubali. Hakuna. Nikaandika tena. Nikakumbuka kwamba herufi ya kwanza ni kubwa, nikaandika tena. Safari hii nilihisi imekubali, sijui kwa nini, na kwa furaha nikabonyeza na kitufe kimoja cha juu kwenye kibodi.

Sauti ikakatika.

Hamjawahi kusikia kimya kama kile. Hata kuku uani walinyamaza. Mama jirani aliweka mikono kichwani. "Mayo! Ameizima harusi!"

"Bonyeza ulipobonyeza," katekista akasema, kwa sauti ya mtu anayemtuliza ng'ombe.

Nikabonyeza. Padri akarudi katikati ya neno. Kuanzia hapo mama jirani alinishika mkono wa kulia na hakuuachia. "Baba, tusikilize," alisema. "Usiguse kitu. Tusikilize tu."

Kwa hiyo tulikaa, wote, tukiitazama TV nyeusi ambamo tulijiona wenyewe, tumevaa vizuri. Tulisikiliza masomo. Katekista alikuwa akitufafanulia kwa mikono: sasa wamesimama, sasa wanasogea altareni, sasa anamshika mkono. Alijua, maana amesimamia harusi nyingi. Kisha bwana harusi, kijana wa watu, akasema maneno yake kwa sauti nene. Kisha kimya kidogo, kisha kikohozi kimoja kifupi.

Nilikijua kikohozi kile. Tangu akiwa mdogo binti yangu hukohoa hivyo kabla ya kusema jambo kubwa. Alikohoa hivyo aliponiambia amefaulu mtihani, na alikohoa hivyo kwenye simu kabla ya kuniuliza kama nitamshika mkono. Akasema kiapo chake chote bila kukosea. Akina mama wakalipuka kwa vigelegele, wakaipigia sabufa vigelegele, mmoja akaichezea akiizunguka sakafuni. Mpangaji, Mwislamu yule, alikuwa anafuta macho, akasema ni moshi wa jikoni. Ilikuwa harusi nzuri. Nimehudhuria harusi za kuonekana ambazo hazikuwa nzuri kama ile.

Walipoingia kwenye sadaka, nikamwomba mama jirani mkono wangu. Nikaenda nyuma ya TV nikaushika ule waya mnene, na jasho likinitoka nikauchomoa, nikahesabu pumzi chache, nikauchomeka tena. Hakuna aliyenifundisha. Kule kwenye kiwanda cha pamba mzani ukigoma tulikuwa tunautoa mzigo wote, tunaupumzisha, kisha tunapandisha upya. TV ikafikiri. Mara picha ikaja: saa kubwa na mlima wenye theluji. Skrini ilikuwa bado imefungwa. Kumbe gizani nilikuwa sijafungua chochote. Kile kitufe cha juu tu, cha kuzima sauti, ndicho kilichokuwa kinafanya kazi.

Sasa nikawa naona ninachoandika, na kwa kuwa watu wote walikuwa wanaangalia, nikakosea mara nyingi zaidi kuliko nilipokuwa gizani. Kompyuta ikaniambia nimekosea sana, nisubiri. Nikasubiri. Padri akatoa baraka. Kwaya ikaimba wimbo wa kutoka. Nikaandika tena, ikakubali, na kanisa la Mtwara likatanda ukutani kwangu, linang'aa, maua yote mahali pake. Kwenye benchi la mbele mzee mmoja alikuwa anatafuta kofia yake. Hapakuwa na mtu mwingine.

Mpangaji alimtazama yule mzee kwa muda. "Hongera sana, bwana harusi," akamwambia.

Tulicheka mpaka katekista akakaa chini. Kisha tukarudi uani, akina mama wakaimba nyimbo zao zote wakiwa na sare zao, na wageni waliondoka jioni wakishukuru, wabeja, wabeja, wakisema hawajapata kuona kitu kama hicho.

Kijana aliporudi alinieleza kwamba TV na kompyuta havikuwa vimezoeana. Skrini ikifungwa na kuzimika, waya ule unahesabika kama haupo, na kuamka kwake ni kwa bahati. Hakuwa amewahi kujaribu kuifunga ikiwa imeunganishwa na TV. Aliomba radhi. Nilimwambia kosa si lake, na hata leo nasema si lake. Alinihifadhia misa nzima, nimeiangalia mara nyingi, na sasa najua kuiamsha skrini hata usingizini.

Mwanzoni kabisa, kabla ya wimbo, binti yangu anasimama mlangoni mwa kanisa. Kaka yake yuko upande wa kushoto amempa kiwiko, na yeye anageuka kidogo kuangalia nyuma, barabarani, kama mtu anayesubiri gari la mwisho. Mke wangu anasema alikuwa anaangalia shela lisikanyagwe. Huenda.

Mwaka huu amejifungua mtoto wa kiume. Nilimpigia nikamwambia nitakuja Mtwara kwenye ubatizo, kiuno au bila kiuno. Alicheka kwa upendo, hakukohoa. "Baba, usijisumbue," alisema. "Nitakutumia linki." Hana hasira na mimi, hajawahi kuwa nayo. Nilimfundisha siku ile kwamba mimi ni mtu wa kuangalia kwa mbali, akaelewa, na sasa hanitegemei tena niwepo. Hiyo ndiyo gharama ya kukubali kubaki.