Mtihani wa Kiswahili Uliorudiwa

Madam Mongina Kebaso alikuwa Mkisii pekee katika shule moja ya msingi iliyo juu kidogo ya Litein, katikati ya mashamba ya majani chai ya wakulima wadogo. Kwao ni Nyamira, ng'ambo ya mji wa mpakani wa Chepilat, ambako mumewe alibaki na ng'ombe. Alienda huko wikendi. Siku za kazi alikaa katika chumba cha kupanga nyuma ya duka la Jennifer Waceke, akipika ugali wa mtu mmoja.

Walimu wenzake hawakuwa watu wabaya. Alipofiwa na mama yake walichanga, na wengine wakaja matanga. Lakini saa ya chai mazungumzo yalianza kwa Kiswahili kisha yakateleza na kuwa Kipsigis, lugha ya wenyeji, na kicheko kikafuata huko huko. Hakuna aliyekumbuka kumtafsiria, naye hakuomba. Alikunywa chai yake akiangalia dirishani.

Alifundisha Kiswahili Gredi ya Sita. Kila mwaka, katika mtihani wa pamoja wa zoni, shule ilishika mkia, na Kiswahili ndicho kilichowavuta chini zaidi. Watoto walisoma hadithi kwa sauti bila kukwama, lakini ukiwauliza nani alifanya nini, wanakukodolea macho tu. Mongina akaona kwamba maneno yanatoka mdomoni na maana inabaki kitabuni. Basi akaanza mtindo wake. Kila asubuhi mtoto mmoja alisimama akasimulia kwa Kipsigis jambo lililotokea kwao: ng'ombe aliyezaa pacha, mvua ya mawe iliyopiga majani chai, shangazi aliyekuja na hasira. Kisha darasa zima likaigeuza hadithi ile kuwa Kiswahili, naye akaandika ubaoni. Ili afuatane nao ilibidi ajifunze lugha yao. Walimcheka alivyotamka, wakamsahihisha, na polepole ikamwingia. Hakumwambia mwalimu yeyote. Aliona ni mambo ya darasani.

Matokeo ya muhula wa pili yalipotoka, Gredi ya Sita yake iliongoza zoni nzima kwa Kiswahili. Hisabati na Sayansi zilibaki pale pale chini.

Alitarajia kupongezwa. Alipoingia ofisi ya walimu, watu waligeukia vikombe vyao. Halafu Mwalimu Kipruto wa Hisabati akasema kwa Kipsigis, bila hata kupunguza sauti, "Hiyo karatasi lazima ilipitia kwao Nyamira kwanza." Wengine wakacheka. Mongina alielewa kila neno. Akaendelea kukoroga chai yake, ingawa sukari ilikuwa imeshayeyuka.

Maneno hayo yakawafikia wazazi. Mwenyekiti wao, Mzee Robert Kipkoech, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, hakupenda mambo ya kunong'onezana. Akamfuata darasani.

"Madam, nakuuliza wazi. Uliwapatia watoto majibu?"

"Hapana, Mzee. Hiyo karatasi niliiona siku ya mtihani, kama wao."

"Mimi nakuamini. Lakini watu wanaongea."

"Basi wapewe mtihani mwingine. Na mimi nisikuwe hata shuleni."

Mwalimu mkuu, Madam Winny, akakubali. Mtihani ulitoka shule nyingine upande wa Bomet, ukaja na mwalimu wa huko wa kuusimamia na kuusahihisha.

Siku hiyo Mongina alibaki chumbani. Alifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Kengele ya shule ilipolia aliisikia, akajua karatasi zinagawanywa. Waceke mwenye duka akaja na kikombe cha chai, akaketi kwenye kitanda.

"Si ungeenda tu kwako upumzike?"

"Mume wangu ataniuliza mbona niko nyumbani siku ya kazi. Nitamwambia nini?"

"Umwambie ukweli."

"Ukweli ni kwamba nimekaa na hawa watu miaka yote hii, na hakuna mwalimu hata mmoja amesimama akasema, huyu namjua, hawezi kufanya hivyo."

Waceke akamsogezea kikombe. Alikaa naye mpaka mteja alipoita dukani.

Alasiri Mzee Kipkoech alifika kwa miguu, anahema.

"Wamepita, Madam! Wengine wamefanya vizuri hata kuliko ule wa kwanza." Kisha akasita. "Huyo mwalimu wa Bomet aliwauliza wanafundishwa aje. Mtoto mmoja, Chemutai, akasimama akasema, 'Madam huongea na sisi Kipsigis, halafu tunageuza.' Walimu wote walikuwa hapo."

"Wakasema nini?"

"Hakuna kitu walisema. Lakini Madam, umekuwa ukisikia lugha yetu tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Mzee alivua kofia akabaki ameishika. "Kongoi," alisema, yaani asante.

Mongina alidhani sasa mambo yatakuwa rahisi. Kesho yake Madam Winny alimsifu kwenye paredi ya asubuhi na watoto wakapiga makofi. Ila katika ofisi ya walimu, kila mmoja alikuwa amekesha usiku akikumbuka yote aliyowahi kuyasema mbele yake kwa Kipsigis. Kwa vile hakuna aliyejua pa kuanzia, hawakusema lolote, kwa lugha yoyote. Walichukua vikombe vyao na kutoka mmoja mmoja. Zamani walau alikuwa akiketi katikati ya kelele za watu. Akaanza kunywa chai yake darasani.

Siku moja wakati wa mapumziko Kipruto alisimama mlangoni.

"Madam, ile siku..." Akatazama sakafu. "Uko na chaki ya ziada?"

Akampa. Kipruto aliigeuzageuza mkononi, akashukuru, akaenda. Mongina alitamani kumwita arudi, na maneno ya kumwita alikuwa nayo, lakini kengele ililia na watoto wakajaa mlangoni.

Mwisho wa mwaka aliomba uhamisho wa kurudi Nyamira. Wazazi wakamtuma Mzee Kipkoech amsihi angoje walau watoto wa gredi inayofuata wamalize Gredi ya Sita. Akakubali mwaka mmoja. Vyombo alivyokuwa ameshafunga kwenye gunia aliviacha humo humo, akatoa sufuria moja tu na sahani.