Kimya Alichokikataa Agwang

Watu wa Mukuju walimpenda Agwang kiasi cha kumnyamazia. Tangu machimbo ya mawe ya upande wa Tororo yalipomuua mumewe, Oriokot, hakuna jirani aliyetwanga ulezi karibu na boma lake. Wanawake walibeba vinu vyao wakaenda kutwanga ng'ambo ya shamba la pamba. Mwenye duka alipomwona akipita alifunga mlango wake wa bati polepole, kama mwizi dukani mwake mwenyewe. Haya yote waliyafanya kwa huruma, na kadiri huruma ilivyozidi ndivyo Agwang alivyozidi kuogopa. Mwaka wa kwanza aliogopa kishindo cha baruti peke yake. Kufikia mwaka wa tatu, 1966, aliogopa hata mlango.

Jumapili moja ngoma ya kanisa ilipoanza alijikuta chini ya benchi, uso umebanwa kwenye vumbi, baina ya miguu ya watu. Hakujua amefikaje hapo. Binti yake Amoit, aliyekuwa na miaka sita, alikuwa akimvuta gauni.

"Mama, toka. Watu wanaangalia."

Wiki iliyofuata lori la kwenda Malaba lilipasuka gurudumu barabarani. Agwang alikuwa amebeba sufuria ya maji moto kwa ajili ya ajono, ile pombe ya ulezi aliyoiuza siku za soko. Sufuria ikamtoka. Maji yalimuunguza mkono wa kushoto, na mengine yakamwagika karibu kabisa na miguu ya Amoit.

Shemeji yake Elungat alifika jioni ile ile akiwa na kuku kwapani. Hakuwa mtu mbaya. Misimu miwili alikuwa amemlimia shamba kwa ng'ombe wake bila kudai kitu. Alivuta kigoda akakaa, akakohoa.

"Mama Amoit, mimi si adui yako."

"Najua. Adui haji na kuku."

"Mtoto amekaribia kuiva kama kiazi. Umeona mwenyewe. Sasa ukoo umekaa kikao."

"Umekaa bila mimi."

"Umekaa," Elungat alirudia, akiangalia chini. "Tumesema hivi. Siku ya kuondoa matanga ya ndugu yangu, ngoma zitapigwa. Ukitulia kitini mpaka ziishe, Amoit ni wako. Ukianguka kama kanisani, atakuja kwangu akae na watoto wangu, na wewe upumzike."

"Marehemu ndiye anayepumzika, shemeji. Mimi nina pombe ya kuuza."

"Tunaweza kuwaambia wapiga ngoma wapige kidogo tu..."

"Wapige kama wanavyowapigia watu wengine!"

Alipoondoka, Agwang alimchinja yule kuku kwa hasira, akampikia mwanawe, kisha akakaa akiutazama mkono wake uliovimba. Maneno aliyoyasema yalikuwa makubwa kuliko nguvu alizokuwa nazo, na alilijua hilo.

Asubuhi alikwenda kwenye zahanati ya misheni. Nesi wa pale, Felistus, alikuwa Msamia kutoka Busia ya upande wa Kenya, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuzia samaki. Alipokuwa akimfunga bendeji, Agwang alimwomba sindano.

"Ya maumivu?"

"Ya siku ya matanga. Nikae kama gogo mpaka ngoma ziishe."

"Sindano ninayo. Lakini siku ya pili yake je? Na hilo gogo litamlea nani?"

Felistus alimaliza kufunga fundo, akavuta kiti, akamweleza kwamba alipokuwa msichana mwanafunzi alihudumia wodi ya askari waliorudi kutoka vita vya Burma. Wapo waliofichwa kelele zote, wakarudi makwao wakiogopa hata jogoo. Wapo wengine ambao daktari mmoja aliwakalisha na kuwaacha wasimulie yaliyowapata, leo na kesho na tena, mpaka habari ile ikawa habari ya zamani.

"Walipona?"

"Wengi walipata nafuu. Usingizi uliwarudia. Sikudanganyi kwamba walisahau."

"Na kelele?"

"Kelele tutaisogelea kidogo kidogo. Wewe ndiye utakayesema isogee au isimame. Si mimi, wala si shemeji yako."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomshika Agwang. Tangu mumewe afe watu walikuwa wamempangia kila kitu, hata sauti za kusikia, na hapakuwa na aliyemuuliza.

Basi kila siku ya soko, pombe ikishauzwa, alipita nyuma ya zahanati. Felistus alimwekea ungo wa karanga za kumenya, kwa sababu aliona kwamba mtu husema vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi. Agwang akaanza tangu asubuhi ya siku ile: moto, ugali wa ulezi, kunde, kikapu kichwani, njia, na mwamba wa Tororo mbele yake. Alipofika machimboni pembe ilikuwa imelia, na baruti zikalipuka. Moja ikalala bila kulipuka. Watu walingoja, kisha Oriokot akaenda kuitazama. Agwang akamwita aje ale kwanza. Oriokot akageuka akicheka, akafungua mdomo kumjibu...

Hapo ndipo alipokwama. Karanga zikamwagika, na machimbo yalikuwa yamemzunguka tena.

"Kanyaga chini kwa miguu yote miwili," Felistus alisema. "Unaona nini hapa?"

"Karanga."

"Na nini tena?"

"Viatu vyako. Vibaya."

"Vibaya sana," Felistus alicheka. "Haya, uko hapa na mimi. Leo tuishie hapo."

Kwa upande wa kelele walimtafuta Owor, Mjopadhola aliyepiga ngoma ya kanisa. Hakupenda kabisa.

"Dada, nikikuua, padri ataniuliza mimi."

"Mwambie nilikutuma mwenyewe."

Walikubaliana ishara. Owor angesimama mwisho wa shamba la pamba; Agwang akiinua mkono, apige; akiushusha, aache. Siku ya kwanza Owor alipiga pigo moja, na Agwang akatapika. Owor akatupa fimbo zake chini.

"Nani kakwambia uache?" Agwang alimfokea, akijifuta mdomo. "Mkono wangu umeushusha wewe?"

Siku kwa siku alimsogeza karibu. Zilikuwapo siku alizomrudisha mbali tena, akalia kwa aibu, kisha akainua mkono. Halafu alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia majirani warudishe vinu vyao. Bibi mmoja, jirani wa karibu kuliko wote, alikasirika.

"Sisi tunakuhurumia, mtoto wewe unatugombeza?"

"Nihurumieni kwa kelele, bibi. Hii huruma ya kimya imenichosha."

Siku ya kuondoa matanga ilipofika, mtungi wa ajono uliwekwa katikati ya boma, na wazee wakauzunguka na mirija yao mirefu ya kunywea. Desturi ya ukoo ilitaka mjane mwenyewe amimine maji moto ya kwanza juu ya ulezi, ngoma zilie, kisha yeye awe wa kwanza kuvuta mrija. Felistus alisimama nyuma ya wanawake. Owor alikuwa tayari, lakini hakuwa peke yake. Ndugu wa ukoo kutoka Nagongera walikuja na ngoma zao pia, kubwa kuliko ya kanisa, na Agwang hakuwa amejizoeza nazo.

Zilipolia zote kwa pamoja, kibuyu kilimtikisika mkononi na maji yakamwagika chini. Kila mtu aliona. Elungat akainuka upesi.

"Basi, inatosha! Nyamazeni!"

Ngoma zikakatika. Kimya kikaanguka juu ya boma, kile kile kilichomzunguka tangu afiwe, na nyuso zikamtazama kwa huruma ile ile. Amoit alikuwa ameshashikwa mkono na mke wa Elungat.

Agwang akainua mkono.

Owor aliiona ishara. Alimtazama Elungat, akamtazama Agwang, akapiga. Ngoma za Nagongera zikamfuata.

"Natetemeka!" Agwang alipaza sauti juu ya vishindo. "Tazameni vizuri, sifichi. Shemeji, ulitaka nitulie kitini. Situlii. Nitasimama hapa na kutetemeka mpaka ngoma ziishe, na mtoto ni wangu. Nani kati yenu alizaa kwa kutulia?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Agwang alikanyaga ardhi kwa miguu yote miwili, akaanza kusimulia, kikapu, njia, pembe, baruti iliyolala, akipiga kelele kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Akafika pale Oriokot alipogeuka akicheka. Akaangalia chini, akayaona maji yaliyomwagika, na viatu vibaya vya Felistus vilivyokuwa vimesogea mbele. Akaendelea.

"Akaniambia, 'Weka kivulini, Mama Amoit, inzi wasinitangulie kula!' Akaenda. Hakurudi. Hilo ndilo neno alilolisema."

Mzee mmoja aliyekuwa akichimba mawe na Oriokot alicheka bila kutaka, machozi yakimtoka. "Huyo ndiye Oriokot," alisema. "Huyo hasa!" Na boma zima likacheka na kulia kwa pamoja.

Amoit aliuchomoa mkono wake akaja mbio. "Baba alisema hivyo?"

"Alisema hivyo. Sasa neno ni lako."

Elungat alikuwa bado amesimama. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amewakataza watu kuitaja siku ile, na kwa hiyo yeye pia hakuwahi kusikia neno la mwisho la ndugu yake. Aliinama, akauchukua mrija mrefu kuliko yote, akampa Agwang kwa mikono miwili.

"Vuta, Mama Amoit. Wazee wana kiu, na wewe ndiye wa kwanza. Mtoto ni wako."

Agwang alikaa, mwanawe akimwegemea ubavuni. Mkono wake ulitetemeka hata mrija ukagonga mdomo wa mtungi, ko-ko-ko, na hapakuwa na mtu aliyeuzuia.